Nani Ako na Gari?

Kila mpango wa wikendi unaopikwa kwenye grupu ya WhatsApp hufa kwa swali moja. Si pesa, ingawa pesa ni noma. Si mvua. Mtu anaandika twendeni mahali Jumamosi, wengine wanatuma alama za moto, mmoja anauliza kiingilio ni ngapi, halafu yule mwenye akili timamu anauliza: "Nani ako na gari?" Kimya. Grupu inalala hadi mtu atume kichekesho Jumatatu.

Swali hilo tumelizoea mpaka tunalichukulia kama mvua na jua, kitu kilichoshuka hivyo kutoka juu. Ukilalamika utaambiwa utafute pesa ununue gari kama wengine. Mimi nasema hilo si swali la pesa zako. Kuna watu waliokaa mezani wakapanga mahali pa starehe pajengwe wapi, barabara ipite wapi na nani asafiri juu yake, na katika hiyo mipango yote wewe unayepanda matatu ulihesabiwa kama mfanyakazi. Kama mtu wa kustarehe hukuhesabiwa hata kidogo.

Tuanze mbali, kwa sababu huko ndiko macho yetu yaliko. Mkenya akifika Paris, hata yule aliyepelekwa na kongamano la siku tatu, hatarudi kabla hajapiga picha mbele ya ile ngome ya waridi ya Disneyland. Picha tunaziona, tunabonyeza moyo. Muulize alifikaje. Atakujibu kama mtu anayeulizwa alivaaje viatu: nilipanda treni. Treni ya RER A, upande wa mashariki, mpaka reli iishe, kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy. Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Ukitoka kituoni unatembea dakika chache tu, geti hili hapa. Mwaka 2025 tiketi ya safari moja ya treni hizo ilifanywa euro 2.50 kwa eneo lote la Paris, ukiacha safari za uwanja wa ndege. Uende karibu au uende mwisho wa reli, bei ni hiyo hiyo. Ikinyesha, bei ni hiyo hiyo. Krismasi, bei ni hiyo hiyo.

Hiyo treni haikuota kama uyoga. Serikali ya Ufaransa ilipotia saini mkataba na kampuni ya Disney mwezi Machi 1987, kuirefusha RER A mpaka mlangoni kulikuwa ndani ya makubaliano. Kituo kikafunguliwa Aprili 1992, siku chache kabla ya bustani yenyewe, iliyofunguliwa tarehe 12 mwezi huo. Reli ilitangulia, panya akafuata.

Usinielewe vibaya, sijaajiriwa kumsifu Mickey. Getini pale wanakutoa damu. Familia ya watu wanne ikimaliza siku ndani ya Disneyland inaweza kurudi nyumbani ikile ugali mtupu mwezi mzima. Lakini ona jinsi mambo yalivyopinduka. Kule geti ni ghali na njia ni rahisi. Kwetu kiingilio mara nyingi si tatizo, njia ndiyo inayokumaliza. Na geti ni jambo la mwenye biashara, atoze anachotaka. Njia ni jambo la umma. Wao wamefanya sehemu ya umma ikawa ya umma.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani. Coney Island, ufukwe wa New York wenye bembea na treni za kutisha, ulikuwa na hoteli za matajiri upande mmoja katika karne ya 19. Reli ya chini ya ardhi ilipofika huko mwaka 1920, mtu wa kiwanda, mshonaji, mhamiaji aliyeshuka melini juzi, wote waliweza kwenda baharini kwa nauli ya senti tano. Jumapili za kiangazi watu walijaa mchangani mpaka mchanga hauonekani. Matajiri walinuna, wakahamia fukwe nyingine. Hakuna aliyewauliza wale washonaji kama wana gari. Ajabu ni kwamba hiyo ni zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sisi bado tunaulizana.

Haya, turudi Masaku.

Machakos People's Park, pale kando ya bwawa la Maruba, ilijengwa na serikali ya kwanza ya kaunti, enzi za Gavana Alfred Mutua. Wakati huo kuna waliocheka: kaunti yenye shida ya maji inapanda nyasi za kupigia picha! Mimi sikuliona kosa, na bado silioni. Mtu wa Mutituni ana haki ya kukaa kwenye nyasi zilizokatwa vizuri sawa na mtu wa Muthaiga. Mji ukiwa na mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kugongwa na boda, huo mji umefanya jambo la maana. Ninachogombana nacho ni jina. Ukiandika "People's" kwenye geti umejifunga kwa deni. Watu gani? Wanafikaje? Wanarudije?

Kufika si mbaya, nikiwa mkweli. Ukitoka Nairobi unateremka hadi Country Bus kule Landhies Road, unatafuta gari ya Machakos, unaketi. Gari haina saa, ikijaa inaondoka. Unapita Mlolongo, Athi River, Lukenya, ukifika Kyumvi unakata kushoto, na baada ya kilomita sitini na kitu uko mjini. Kutoka mjini hadi Maruba ni mwendo wa boda, au wa miguu kama una soli nzuri na hukuja na nyanya yako.

Shida ni jioni. Nauli ya asubuhi si nauli ya jioni, na nauli ya jioni ya Jumapili yenye tamasha ni kitu kingine kabisa, ni mnada. Makanga anaangalia umati, anaangalia anga, anataja bei. Ukibisha anakwambia ngoja inayofuata. Inayofuata haipo. Hapo ndipo binti wa miaka ishirini na mbili, simu asilimia nne, anaanza kufanya hesabu ambayo rafiki yake mwenye gari hajawahi kuifanya maishani: aondoke saa kumi na moja, kabla msanii aliyemlipia tiketi hajapanda jukwaani, au abaki na baadaye aombe lifti kwa watu asiowajua? Wengi huondoka. Wanalipa tiketi nzima, wanaona nusu ya shoo. Wengine hubaki, na hiyo lifti huwa na dereva ambaye amekuwa akinywa tangu saa nane mchana.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu watu hulizungumzia jambo hili kama suala la tabia. Kila baada ya wikendi ya Masaku Sevens au tamasha lolote kubwa, wazee huandika kuhusu vijana wa siku hizi, pombe na barabara. Polisi hutoa alcoblow. Sawa, wapulizwe. Lakini fikiria: umejenga mahali pa burudani, umetoa leseni ya baa, umealika jiji zima lililo kilomita sitini na kitu kutoka hapo, na hukuweka hata basi moja la saa nne usiku. Ulitarajia warudije? Barabara ya Mombasa ina malori usiku kucha. Kumweka dereva mlevi mbele ya lori ni matokeo ya mpango, na mpango huo haukuandikwa na vijana. Dawa ya mlevi barabarani ni kumpa kiti ambacho hana usukani.

Na usiniambie hatujui kupanga mabasi. Hakuna taifa linalojua kukodi basi kama hili. Kukiwa na mazishi, matatu tatu zitajaa alfajiri, zitampeleka kila mtu hadi kijiji ambacho hata ramani hakikijui, zitasubiri, zitarudisha watu. Harusi, hivyo hivyo. Siku ya mkutano wa siasa pale uwanja wa Kenyatta, mabasi yatatokea Yatta, Masinga, Kathiani, tena bure, tena na soda. Usafiri wa bure upo nchi hii. Unahitaji tu kuwa maiti, bwana harusi au mpiga kura.

Au mwanafunzi. Wengi wetu, mara ya mwisho tulipopelekwa mahali kwa ajili ya furaha tu, kwa basi, pamoja, saa ikijulikana ya kwenda na ya kurudi, ilikuwa ziara ya shule. Mabasi ya rangi ya manjano, nyimbo, chupa ya juisi inayovuja. Ukimaliza Kidato cha Nne serikali inaamini umekoma kuhitaji bembea.

Mji huu una historia chungu na usafiri, na inafaa kukumbushana. Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa kitu zaidi ya maji baridi na vyura. Kisha reli ikaja kutoka Mombasa, ikapita mbali na mji wetu, na mwaka 1899 makao yakahamishiwa Nairobi. Wakamba walikuwa wameambiwa. Nabii Syokimau, kwa masimulizi ya wazee, aliona nyoka mrefu akitoka kwenye maji mengi akitema moto. Alimwona nyoka, ila hakutuambia kwamba angetupita bila kusimama. Nairobi ikapata reli na ukuu. Sisi tukapata heshima ya steji yao kubwa ya mabasi kuitwa Machakos.

Miaka mia moja na kitu baadaye, treni inasimama mahali panapoitwa Syokimau, na mahali hapo pako ndani ya Kaunti ya Machakos. Kituo cha treni za mjini kilifunguliwa 2012. Kituo kikuu cha SGR upande wa Nairobi nacho kiko hapo hapo tangu 2017. Kaunti yetu basi ina moja ya vituo vikubwa zaidi vya reli nchini! Na kinamsaidia nini mtu anayetaka kwenda Maruba, au Fourteen Falls, au Ol Donyo Sabuk, ambazo zote ni za kaunti hii hii? Hakimsaidii kitu. Treni ya Syokimau ilipangwa kumpeleka mtu kazini asubuhi na kumrudisha kulala jioni. Ile Madaraka Express inakimbia Mombasa. Kati ya kazi na Mombasa, katikati hapo panapoishi watu wengi, hakuna kilichofikiriwa.

Kisha kuna ile Expressway, iliyofunguliwa 2022. Inaanzia Mlolongo, ambayo ni Machakos, inafika Westlands, kilomita 27. Ukiwa ndani ya matatu Jumapili jioni umekwama chini yake, unaona tumbo lake la saruji na kusikia magari madogo yakipita juu ya kichwa chako. Sisemi walio juu wametenda dhambi, wamelipa ushuru wao. Ila nawaza ingekuwaje kama njia moja tu ya juu ingetengewa mabasi tangu siku ya kwanza kwenye mchoro. Moja tu.

Ol Donyo Sabuk, kwa kuwa nimeitaja. Mmarekani tajiri, Northrup McMillan, aliyekuwa na shamba kubwa chini ya mlima ule, aliomba azikwe kileleni. Alipofariki mwaka 1925, inasimuliwa kwamba chombo kilichobeba jeneza lake kilishindwa na mlima, wakamzika njiani, na kaburi liko hapo hadi leo. Mzungu mwenye ardhi isiyo na mwisho alikosa usafiri wa kufika mbuga. Karibu chama, ndugu.

Na Kyamwilu pia. Kule ng'ambo ya mji, kwenye milima ya Kituluni, kuna kipande cha barabara ambapo gari likiwekwa huru linaonekana kupanda mlima lenyewe. Macho yanadanganywa na jinsi ardhi ilivyolala, lakini ni raha tupu. Ndicho kivutio kilicho karibu zaidi na bustani za wenzetu wa ng'ambo, na tumekipewa bure na Mungu. Sasa cheka na mimi: ili ukione vizuri unahitaji gari. Asiye nalo anamwaga maji kutoka kwenye chupa na kuyatazama yakipanda, akisubiri mwenye Probox atokee.

Nitaambiwa boda zipo. Boda ni ndugu zetu, bila wao mji huu ungesimama. Lakini baba, mama na watoto wawili kwenye pikipiki moja ni mshikaki. Ni kosa la kisheria na ni hatari, na ukikodi pikipiki mbili kwenda na mbili kurudi umeshakula pesa za chipsi. Mtu wa kiti cha magurudumu je? Boda haiwezi kuwa jibu la mji mzima.

Nitaambiwa pia kwamba matatu ni za watu binafsi, hazipangiki. Hong Kong kuna mabasi madogo ya watu binafsi, yale yenye paa la kijani, yanafuata njia iliyopangwa na nauli iliyopangwa, na bado wenyewe wanapata riziki. Hizi zetu zinaendeshwa na sacco zenye ofisi, mwenyekiti na mhuri. Sacco inayoweza kuniandikia risiti ya mzigo inaweza kubandika karatasi inayosema gari la mwisho Jumapili ni saa tatu na nusu na nauli ni hii.

Wala hatuhitaji kwenda Paris au Hong Kong kuona inavyofanyika. Nenda Mombasa siku ya Idi au mwaka mpya. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunaouita Pirates, hauna mbunifu kutoka ng'ambo. Una maji, ngamia, maboya ya matairi, mihogo ya kukaanga na bahari ya watu. Kwa nini wao wanajaa? Kwa sababu matatu za barabara ya Malindi zinakushusha karibu, na zipo tangu asubuhi hadi usiku. Mama Ngina Waterfront nayo iko jirani na kivuko cha Likoni, na feri haimtozi anayetembea kwa miguu. Mama wa Likoni anavuka bure na watoto wanne, wanakaa kwenye upepo, wanakula viazi karai, wanavuka bure kurudi. Hajawahi kuulizwa ana gari. Hiyo ndiyo maana ya mahali pa watu, na ipo Kenya, tena kaunti haikuhitaji hata kuandika "People's" ukutani.

Kwa upande wa sheria hakuna pa kujificha. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, pale kazi za kaunti zilipoorodheshwa. Namba nne inawapa burudani ya umma, na ndani yake bustani, fukwe na viwanja vya starehe. Namba tano inawapa usafiri wa kaunti, pamoja na usafiri wa umma wa barabarani na taa za barabarani. Nne na tano! Zimekaa bega kwa bega kwenye ukurasa kama wapenzi kiti cha nyuma. Najua njia ya kutoka Nairobi inavuka mipaka na leseni zake ni za serikali kuu. Lakini kutoka steji ya mji hadi Maruba hakuna mpaka wowote. Hapo ni Machakos na Machakos. Gavana wa kwanza alituachia bustani. Ofisi ya sasa ina nafasi ya kuongeza basi dogo linalozunguka mji, Maruba na kurudi, wikendi na sikukuu, na taa kwenye njia ya miguu kwa sisi tunaopenda kutembea. Gharama yake haifiki ya mapokezi ya mgeni rasmi mmoja.

Na wanaoandaa matamasha nao waulizwe. Kabla kaunti haijatoa kibali, fomu iwe na mstari mmoja wa ziada: watu wako watarudije? Mwenye kuuza tiketi elfu tatu hawezi kujibu "watajipanga". Aoneshe mkataba na sacco, mabasi mangapi, saa ngapi, nauli ngapi, imechapishwa kwenye bango lile lile lenye sura ya msanii. Nasi wanunuzi tuache kununua tiketi za mtu asiyejibu hilo. Tuulize kwenye maoni ya matangazo yao, tuulize mpaka waudhike.

Kwa sasa, anayekuja Jumamosi hii bila gari: panda Country Bus mapema, kabla ya saa tatu, maana gari za asubuhi hujaa haraka. Uliza nauli kabla hujaketi. Ukishuka mjini, kula kwanza, muthokoi ni wa bei nzuri kuliko chochote utakachopata ndani. Boda ya Maruba mpatane bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja, na uchukue namba yake ya simu. Chaji simu. Saa kumi na moja uwe steji, hata kama muziki ndiyo kwanza unaanza.